Umeambiwa figo ina kansa na unasubiri kupasuliwa, hizi wiki za katikati zipite hivi

Mi nilienda kuangaliwa mawe ya nyongo. Tumbo lilikuwa linaniuma juu upande wa kulia, nikaandikiwa ultrasaundi, nikajilaza pale nimepakwa ile jeli ya baridi na kijana anayenipima anapiga stori vizuri tu, alaf ghafla akanyamaza. Akawa anairudisha mashine palepale ubavuni, anabonyeza, anapima, anarudia tena. "Geuka kidogo mzee, vuta pumzi, shikilia." Ile pumzi naikumbuka mpaka leo. Nyongo ilikutwa safi, ila kwenye figo ya kulia kuna kitu cha sentimita 4 na nusu, na siku chache baadae siti skani ikasema hicho ni cha kutolewa.

Toka siku hiyo mpaka nimeingia thieta zilipita wiki 6, na naandika kuhusu hizo wiki tu. Siku ya upasuaji kuna watu wa kukubeba, kuna manesi, kuna daktari wa usingizi, kila mtu anajua anafanya nini. Ila kule kusubiri uko mwenyewe na kichwa chako saa 9 usiku, na hakuna anayekuambia ufanye nini.

Anza kwa kuacha kujilaumu kwamba hukusikia kitu. Kansa nyingi za figo siku hizi zinakutwa hivihivi, mtu amepimwa kwa shida nyingine kabisa. Figo zimekaa nyuma ndani huko, uvimbe unaweza kukua muda mrefu bila kugusa chochote kinachouma. Zile dalili zinazotajwa kila mahali, damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavu na uvimbe unaoshikika kwa mkono, zote 3 kwa pamoja wanazipata wachache sana na mara nyingi wakizipata ugonjwa umeshatembea. Kwahiyo kama wako umekutwa kimyakimya, mara nyingi maana yake umekutwa mapema.

Alaf kuna hili, na hili ndo naomba ulishike kuliko yote: liache neno, shika ripoti. Neno kansa halina kipimo, ukilala nalo linajaa chumba kizima. Ripoti ina kipimo. Omba nakala yako ya siti skani, ni haki yako, na kama lugha yake ngumu muombe daktari akae na wewe dakika 10 akuonyeshe kwa kidole mambo haya. Uvimbe una sentimita ngapi. Umekaa wapi kwenye figo, juu, chini au katikati, umechomoza nje au umezama ndani karibu na mishipa. Umeingia kwenye mshipa mkubwa wa damu au kwenye mafuta yanayozunguka figo au bado uko ndani ya figo yenyewe. Na mwisho, matezi na mapafu yanaonekanaje. Uvimbe ambao haujatoka nje ya figo na haujazidi sentimita 7, na matezi ni safi, huo ni hatua ya kwanza. Ukizidi 7 lakini bado uko ndani ni ya pili. Ukiingia kwenye mshipa mkubwa au mafuta ya jirani ni ya tatu, na ya nne ni ule uliovuka zaidi ya hapo au umefika viungo vya mbali. Unaona jinsi neno moja lilivyobeba vitu tofauti kabisa? Mtu wa sentimita 3 na mtu ambaye ugonjwa umefika kwenye mapafu wote wanaambiwa una kansa ya figo, ila safari zao hazifanani.

Mi niliandika kwenye kikaratasi: 4.5, imechomoza nje, mishipa safi, mapafu safi. Nikakikunja nikakiweka kwenye pochi. Hofu ikija nakitoa nasoma. Kilichakaa mpaka mikunjo ikaanza kuchanika lakini kilinisaidia kuliko maneno yote ya usijali utapona, maana yale yanasemwa na watu ambao hawajaona picha zako.

Usishtuke kama hawajakuchukua kinyama, yaani kile kipande kidogo cha uvimbe cha kupima maabara, kabla ya upasuaji. Hapa ndugu huwa wanakuja juu, wanasema mbona wanakata bila kuhakikisha, na mimi mwenyewe shemeji yangu alitaka twende tukamgombeze daktari. Ukweli ni kwamba kwa figo, siti skani yenye ile dawa ya kuchomwa kwenye mshipa inaonyesha mengi, uvimbe wa kansa unainywa ile dawa kwa namna daktari mzoefu anaitambua, ndo maana mara nyingi wanaenda moja kwa moja kuutoa alaf maabara inamalizia. Ila ni swali halali kabisa na uliulize hivi: je kinyama kingebadilisha uamuzi wenu? Hasa kama uvimbe wako ni mdogo, haujazidi sentimita 4, maana kwenye hivyo vidogo karibu kimoja kati ya vitano huja kuonekana hakikuwa kansa. Na kwa hivyo vidogo tena, hasa kwa mtu mzima sana au mwenye magonjwa mengine mazito, wakati mwingine wanachagua kuufuatilia tu kwa picha kila baada ya miezi kadhaa.

Watu watakuuliza unaanza kemo lini, zile dawa kali za kuua kansa. Kansa ya kawaida ya figo haisikii sana kemo za kawaida, tiba yake kubwa ikiwa bado iko kwenye figo ni kuitoa. Wajibu hivyo, inatosha.

Siku ya kuonana na daktari wa upasuaji nenda na daftari na nenda na mtu. Sio mtu wa kulia na wewe, mtu wa kuandika, maana wewe utasikia nusu tu, hiyo nakuhakikishia. Mke wangu aliandika kurasa 3 na mi nikitoka pale nilikuwa nakumbuka rangi ya pazia tu. Swali kubwa ni je, mnatoa uvimbe peke yake na kuacha figo, au figo nzima? Kama uvimbe ni mdogo na umekaa vizuri wengi hujitahidi kuiacha figo iliyobaki, na kama ni mkubwa au umezama katikati inaweza kulazimu yote. Uliza pia kama mpango unaweza kubadilika mkiwa thieta, mi niliambiwa wazi kwamba wataanza na nia ya kuiokoa figo ila wakikuta hali tofauti wataitoa yote, na kulijua hilo kabla kulinipa amani, ningeamka na kuambiwa ghafla ingeniumiza. Uliza watapasua kwa matundu madogo, kwa roboti au kwa kufungua. Muulize upasuaji kama huu anaufanya mara ngapi kwa mwaka, usione aibu, daktari mzuri hachukii hilo swali. Uliza kreatinini yako ni ngapi, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja vipi, na ile figo nyingine ikoje, maana ndo itakayobeba kazi.

Kuhusu kuishi na figo moja, hilo lilinitesa mpaka nilipowafikiria watu wanaowatolea ndugu zao figo. Wale ni wazima, wanatoa moja kwa hiari na wanaendelea na maisha, inayobaki inaongeza kazi yake. Na kutoa figo sio jambo la majaribio. Daktari Gustav Simon alitoa figo kwa mpango huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1869 na mgonjwa akapona, enzi hizo hawana hata antibayotiki, na mwaka 1990 timu ya Ralph Clayman kule Marekani ikatoa figo kwa matundu kwa mara ya kwanza. Mi nilikuwa namsimulia kila mtu habari hizi, nadhani nilikuwa najisimulia mwenyewe.

Kusubiri kwenyewe sasa. Utakuwa unasikia kama kila siku inayopita kile kitu kinakua humo ndani. Muulize daktari wako moja kwa moja, nikisubiri wiki hizi kwa uvimbe wangu mimi kuna kitakachoharibika? Vivimbe vidogo vya figo vilivyofuatiliwa kwa picha vimeonekana kukua taratibu, kwa wastani kama milimita 3 kwa mwaka, japo kuna vinavyokimbia kuliko hivyo na ndo maana swali ni la uvimbe wako. Lakini ukianza kukojoa damu yenye mabonge, ukashindwa kukojoa, ukapata homa au maumivu makali ya ubavu, hapo usisubiri tarehe, nenda siku hiyohiyo.

Intaneti iwekee mpaka. Zile asilimia za watu wanaofika miaka 5 zinachanganya watu wa kila aina, na pia ni za watu waliotibiwa miaka kadhaa nyuma, zingine kabla dawa za sasa hazijatoka. Mi nilijipa saa 11 jioni, nusu saa, nasoma, naogopa, naandika maswali kwenye daftari, nafunga. Hofu ikija saa 9 usiku naiambia subiri saa 11. Mwanzoni haikubali, baada ya kama wiki ikaanza kusikia. Kama wewe ni mtu wa kusali, sali. Kama huli, hulali na hutaki hata kuongea na mtu siku nyingi mfululizo, mwambie daktari hilo kama unavyomwambia presha, ni ugonjwa nao na una dawa zake na watu wake.

Ndugu wengi huwezi kuwahudumia kwa simu. Chagua mmoja awe ndo mtoa habari, wengine wote waulize kwake. Watoto waambie, kwa maneno machache na ya kweli, wanajua kuna kitu hata ukificha. Binti yangu ana miaka 9, nilikuja kugundua kikombe changu anakiosha peke yake na kukiweka pembeni ya vingine, siku 2 hivi, hasemi kitu. Nikamuita nikamwambia hii haiambukizi, sio kwa kikombe wala kwa kunikumbatia, madaktari watautoa uvimbe na nitakuwa na kidonda kwa muda. Akauliza kama nitalala pale hospitali peke yangu. Basi, hilo ndo lilikuwa linamsumbua, akaenda kukirudisha kikombe kwenye vingine.

Mitishamba itakuja, kila mtu ana jirani yake aliyepona. Pokea kwa shukrani, usinywe. Kuna majani na mizizi inaumiza figo moja kwa moja, kuna inayofanya damu isigande ukiwa mezani, na daktari hajui umekunywa nini. Kama umeshakunywa mtajie, hata kama ulificha mwanzo. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni achana nazo mpaka uulize, zinaibana figo. Na kama unatumia aspirini, wafarini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, au za sukari, usiache kichwa kichwa na usiendelee kichwa kichwa, peleka pakiti zenyewe kwa daktari wa usingizi akuandikie kila moja inasimama lini.

Sigara acha leo. Ukipata wiki 4 au zaidi bila moshi kabla ya nusu kaputi, mapafu na kidonda vinakushukuru, na hata zikiwa pungufu bado acha. Tembea kila siku mpaka uheme kidogo, kula vizuri usije ukaingia thieta umekonda kwa mawazo. Mi nilijifunza pia kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku nimekumbatia mto tumboni, inaonekana kitu kidogo lakini siku ya pili baada ya upasuaji ule mto ulikuwa ndo rafiki yangu wa karibu.

Kama una umri chini ya miaka 46 hivi, au uvimbe uko figo zote mbili, au kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua hii, uliza habari ya vipimo vya kurithi, inawahusu na watoto.

Wiki ya mwisho malizia mambo ya karatasi, kazini, bima, nani atasaini kama wewe huwezi kuongea, namba ya siri ya simu ajue nani. Fanya siku moja umalize, usiyaburute.

Usiku wa mwisho fuata saa za kufunga walizokuandikia, kwa kawaida chakula masaa 6 kabla na maji matupu masaa 2, ila karatasi yako ndo sheria. Vua pete ukiwa bado nyumbani, vidole vikivimba ni tabu. Waambie walio nje wasihesabu masaa kwa ukali, muda wa kuandaliwa na kuamshwa unakula sana. Ukiamka utakuta mpira wa mkojo na pengine mrija ubavuni, na kama ni matundu bega linaweza kuuma, ile ni gesi waliyokujaza tumboni, itaisha yenyewe. Watakuinua utembee mapema, kubali hata kama hutaki. Majibu ya maabara mara nyingi huchukua wiki moja au mbili, kwahiyo acha ukurasa mmoja wa daftari wazi kwa ajili ya siku hiyo na juu yake andika kabisa: aina gani, daraja ngapi (ukali wa seli zake), kingo ni safi (pembeni walipokata hakuna kansa), kipimo kinachofuata lini. Daftari mpe atakayekaa nje, na namba ya wodi iandikwe kwenye jalada.