Kutafuta kikundi cha kuacha pombe ukiwa Mtwara

Usikate pombe ghafla. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu anaweza kutetemeka, kuona mauzauza, hata kuanguka kifafa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Kwa hiyo pitia kwanza hospitali, Ligula kwa mfano, si kikundini. Hapohapo muulize mhudumu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii kama kuna kikundi karibu. Kikikosekana, Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe walioanzia Marekani mwaka 1935, wana mikutano ya mtandaoni pia. Weka bando la saa moja na nusu. Kamera unaweza kuizima.

Kikao cha wazi hupokea hata ndugu, cha ndani ni cha wanaotaka kuacha tu. Fika dakika 10 kabla. Jina moja linatosha. Zamu ikikufikia, sema "leo nasikiliza", hakuna atakayekubana. Ada hakuna, mchango ni hiari.

Wengi huteleza msimu wa mabibo (matunda ya mkorosho), uraka, pombe ya mabibo, ukiwa nje nje na bei yake ndogo (nipa, ile kali ya kuchemshwa, ndiyo balaa zaidi). Oktoba isikukute huna namba ya mwanakikundi wa kumpigia jioni, kabla hujashika kikombe.