Una ADHD na chumba kinakushinda? Anza na kile kiti cha nguo

Kama una ADHD (ile hali ya ubongo inayofanya kupanga na kuanza mambo kuwe kugumu) na uko kwenye miaka 13 mpaka 18 hivi, nina uhakika chumbani kwako kuna kiti ambacho hakijakaliwa na mtu mda mrefu. Kina nguo. Chini kabisa ipo sare ya wiki iliyopita, juu yake nguo safi zilizoanuliwa juzi hazijakunjwa, alafu taulo bichi, alafu khanga, na kila usiku kinachozidi kitandani unakihamishia kitini ili ulale, asubuhi kinarudi kitandani kwasababu unatafuta soksi. Mimi nimeishi hivyo tangu darasa la sita mpaka namaliza fomu foo, nikaja kuambiwa nina ADHD nikiwa na miaka 19, kwahiyo haya ninayoandika ndo yale ninayotamani dada mkubwa angekaa na mimi akaniambia mapema.

Wewe sio mvivu mdogo wangu. Naomba uliamini hilo kabla hujashika fagio, maana ukianza kusafisha huku unajichukia hutafika mbali. ADHD ni hali ya ubongo inayoanza utotoni (madaktari huangalia kama dalili zilikuwepo kabla ya miaka 12) na inagusa sana ile kazi ya kupanga, kukumbuka ulikuwa unafanya nini dakika 2 zilizopita, na kujisukuma kuanza kitu kisicho na raha. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kupiga picha za ubongo wa watoto, wakakuta wenye ADHD ubongo unakua kwa mpangilio uleule kama wa wenzao ila unachelewa, gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, lilifikia kilele cha unene kwenye miaka kama 10 na nusu wakati kwa wenzao ni 7 na nusu, na sehemu iliyochelewa zaidi ni ya mbele, hiyohiyo ya kupanga mambo. Sasa mtu akikwambia "kasafishe chumba" yeye anasikia kazi moja, wewe kichwani zinaingia kazi 30 kwa pamoja na hakuna inayosema mimi ndo wa kwanza. Unakaa kitandani, unashika simu, saa 2 zinapita.

Kitu kikubwa kilichonisaidia ni kuhesabu hatua. Chukua suruali uliyoivua sasa hivi. Kuiweka kabatini unafungua mlango, unatafuta henga, unaitoa, unakunja suruali, unaipitisha, unarudisha henga, unafunga mlango. Hatua 7. Kuiweka kwenye kiti ni hatua 1. Kiti kitashinda kila siku, hata ukiahidi mbele ya mama yako kwamba kuanzia Jumatatu utabadilika, na utakuwa umeahidi kwa moyo wako wote. Kwahiyo usipambane na kiti, kitoe kabisa chumbani. Pale kilipokuwa weka kapu la nguo chafu lisilo na mfuniko, palepale, sio kona ya mbali inayopendeza, kwasababu mkono wako umeshazoea kutupa nguo hapo. Mfuniko nao ni hatua, utoe.

Alafu kuna zile nguo ambazo sio chafu na sio safi, umevaa mara 1 kwenda tuisheni na bado inavaliwa. Hizo ndo zinazojaza kiti, yaani ukichunguza vizuri utaona hazina kwao, huwezi kuzirudisha kabatini na huwezi kuzitupa kwenye kapu. Zipe kwao. Misumari 4 nyuma ya mlango inatosha: mmoja wa sare, mmoja wa taulo, miwili ya nguo za nusunusu. Misumari ikijaa ndo unajua kuna nguo inatakiwa ifuliwe.

Na kukunja, kwa kweli, punguza. Chupi na soksi hazihitaji kukunjwa, tumbukiza kwenye boksi lake yaishe. Magauni na mashati yaanike yakiwa kwenye henga tokea mwanzo, unaitundika henga kwenye kamba, unabana na kibanio upepo usiiangushe, jioni unaanua na henga yake mpaka kabatini, hujakunja kitu. Mimi hii ilinibadilishia maisha kuliko kingine chochote humu, kwasababu nguo zangu zilikuwa zinafia hapo katikati, kati ya kamba na kabati, zinafika kitandani zikiwa lundo la nyumba nzima, za baba, za wadogo zangu, zangu, na kuzitenganisha nilikuwa nashindwa kabisa kuanza.

Jambo lingine, kwetu sisi kitu kisichoonekana ni kama hakipo. Ndo maana unaacha kila kitu juu ya meza, ukikiweka ndani ya droo unakisahau mpaka mwakani, sijui kama umewahi kununua rula ya tatu ukiwa na mbili ndani. Wenzetu wanashauriwa waweke kila kitu kabatini na kufunga. Sisi tuache wazi. Kreti la soda lililolazwa ubavu ni shelfu nzuri ya madaftari. Boksi la viatu bila mfuniko kwa ajili ya chaja na spika za masikioni, makopo yanayoonyesha ndani kwa ajili ya kalamu na vibanio vya nywele, na nje andika kwa makapeni kubwa kilichomo. Chumba hakitafanana na zile picha za mtandaoni, ila utaona daftari la bios kabla ya saa 12 asubuhi.

Sasa siku ya usafi wenyewe. Usianze kwa kutoa nguo zote kabatini, nakuomba sana. Najua inavyokuja ile nguvu ya ghafla Jumamosi asubuhi unataka upange upya maisha yote, saa 4 usiku nguvu imekwisha na kitanda hakionekani, unalala na nguo pembeni. Anza na taka peke yake. Chukua mfuko, zunguka chumba, macho yatafute taka tu, maganda ya karanga, karatasi, chupa za maji, vitu vingine ni kama huvioni. Ukimaliza tafuta vyombo, vikombe na sahani na vijiko, uviweke kwenye beseni mlangoni.

Hapo kwenye beseni sikiliza vizuri. Usitoke chumbani. Mimi nilikuwa nabeba kikombe kimoja napeleka jikoni, nikifika nakuta maji yanatoka nakumbuka ndoo haijajazwa, nasimama kujaza, runinga inanivuta sebuleni, mdogo wangu ananionyesha kitu kwenye simu, nikija kushtuka jua limezama na chumba kiko vilevile, na mama ananiangalia tu hasemi kitu. Kila kisichokuwa cha chumba chako kinaingia kwenye beseni, unatoka nalo mara 1 mwisho. Baada ya vyombo ni nguo, kapu au msumari, usisimame kuijaribu hata moja. Vinavyobaki ambavyo hujui pa kuviweka vyote tupia kwenye boksi 1, usikae kuwaza, hilo boksi utalichambua siku nyingine umekaa chini na mtu wa kupiga naye stori. Boksi liwe 1 tu, likijaa ndo siku ya kulichambua imefika. Kufagia ni mwisho kabisa, na kudeki kama bado una nguvu.

Mda kwetu unateleza, kwahiyo usijipangie "nitasafisha jioni". Funga kazi kwenye kitu ambacho kinatokea chenyewe. Kwetu ni adhana ya Magharibi, nikishaswali nafanya nyimbo 3, zikiisha naacha hata kama sijamaliza, hiyo ni kama dakika 10. Nyimbo, sio video, video inataka macho. Na ukiweza usiwe peke yako. Mdogo wangu alikuwa anakaa kitandani anafanya homuweki yake, hagusi kitu, hasemi kitu, lakini uwepo wake tu ulikuwa unanishika nisipotee. Rafiki kwenye simu uliyoiweka spika naye anafaa.

Kuna siku hutaweza, siku hizo toa taka na vyombo tu basi, vingine vyote visubiri. Nguo sakafuni hazimuumizi mtu, ila sahani yenye makombo inaita sisimizi na mende, na kama unaishi Dar unajua wakishaingia kuwatoa ni kazi.

Kama unalala chumba kimoja na ndugu yako, gawaneni, nusu yako ni yako, na umuombe asikupangie upande wako hata kama ana nia njema, akikuhamishia vitu hutavipata.

Kuhusu mzazi, mchague akiwa ametulia, sio wakati amesimama mlangoni amekasirika. Mimi nilimwambia hivi: "Mama, naomba ukitaka nisafishe uniambie kitu kimoja kimoja, uniambie toa vikombe, nikirudi uniambie kingine." Alinyamaza kidogo. Miaka yote alijua namdharau, akaniambia hilo kwa mdomo wake na iliniuma sana. Jumapili yake alikuja na nyundo, akapigilia misumari yeye mwenyewe, wa sare akaushusha kidogo ili niufikie bila kunyoosha mkono. Na kama haya yote unajiona ila hujawahi kupimwa, mwambie mzazi akupeleke kwa daktari wa afya ya akili, hospitali kubwa kama Muhimbili wana hicho kitengo, usijipe jina kwa kusoma mtandaoni peke yake.

Leo usiku usifanye yote haya. Toa kiti tu, kipeleke sebuleni.