Watu warudi kesho: kuendesha jamii ya mtandaoni kutoka mwalo wa Kibirizi

Ninaendesha tovuti ndogo ya bei za dagaa wa Kigoma, pamoja na makundi ya WhatsApp yanayoizunguka. Duka langu la steshenari liko Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, na hapakosi mtu anayeingia kutoa kopi halafu akaniinamia kaunta: "Dada, na mimi nataka kufungua kundi, la watu wa mawese." Mwingine la wasafirishaji wa Kasulu, mwingine la wenye mashine za kukoboa. Ninapowaeleza, foleni nyuma yao inaanza kununa. Kwa hiyo nayaandika.

Kwanza tafuta swali ambalo watu wako wanaamka nalo. "Kuwaunganisha wadau wa uvuvi" si swali, hayo ni maneno ya bango la semina. Mama anayenunua dagaa Kibirizi, mwalo ambapo mitumbwi hushusha samaki, anaamka na jambo moja: usiku wameshuka wengi au wachache, na bei imesimama wapi? Mnunuzi wa Dar es Salaam ana swali hilohilo, ila yeye yuko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli na hawezi kuja kuangalia mwenyewe. Kama swali la watu wako halitoshei kwenye mstari mmoja, usilipie domeni, yaani jina la tovuti, bado.

Jibu la swali hilo litoke saa ileile kila siku. Letu linatoka saa mbili asubuhi. Siku ambayo hakuna dagaa, saa mbili tunaandika kwamba hakuna dagaa, na ajabu ni kwamba siku hizo ndizo watu huandika zaidi, kila mmoja akieleza kwa nini anadhani hakuna. Mtu akishajua kwamba saa mbili kuna kitu, atafungua simu hata kabla hujamkumbusha. Ukitoa leo saa mbili, kesho saa saba, keshokutwa ukanyamaza kwa sababu ulikuwa na msiba, watu watatafuta bei kwa shemeji zao kama zamani.

Wa kuanza nao wawe wachache na uwe unawafahamu. Mimi nilianza na watu kama ishirini ambao namba zao zilikuwa tayari kwenye simu yangu: wanunuzi, wavuvi wawili watatu, wenye vichanja vya kukaushia, na wakala wa mizigo. Watu ishirini wanaojibizana wanapendeza kuliko mia tatu waliobebwa kutoka kundi la harusi. Mgeni akiingia akakuta watu wanaongea, naye ataongea. Akikuta kimya atadhani amekosea mlango.

Halafu usiichanganye tovuti na kundi. Tovuti ndiyo nyumba, kundi ni baraza. Barazani watu wanapiga soga, na bei iliyotajwa asubuhi kufika jioni imezikwa chini ya salamu za Ijumaa na picha za maua. Aliyeingia leo haoni yaliyosemwa jana. Kwa hiyo kila jioni napitia kundi, nachukua lenye maana, nalipeleka kwenye tovuti nikimtaja aliyelisema (baada ya kumwomba), kisha narudisha linki kundini. Linki hiyo inafanya kazi mbili: inamfundisha mtu njia ya kwenda kwenye tovuti, na inamheshimisha aliyesema. Nimeona mzee wa Katonga akizungusha simu yake kwa wenzake kuonyesha maelezo yake ya kufunga taa za sola kwenye mtumbwi. Tangu hapo hakuna swali la taa linalompita. Kurasa zenyewe ziwe nyepesi. Mtu wako ananunua bando la siku, usimle MB zake kwa picha ya machweo ya ziwa ambalo yeye analiona bure.

Na sauti uzipokee. Kuna maadmini wanaopiga marufuku ujumbe wa sauti kwa kuwa unachosha, na kweli unachosha: dakika tatu, mbili na nusu zikiwa salamu, na bei iko sekunde ya mwisho. Lakini mvuvi anayeshusha dagaa alfajiri mikono imelowa na jua linapiga kioo cha simu, hawezi kuandika. Ukikataza sauti umewafukuza wenye habari ukabaki na wenye maoni. Mimi nazisikiliza, naandika mstari mmoja chini yake, basi.

Kipimo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo makundi mengi ya biashara yanapokufa bila mwenyewe kujua.

Mtu akiandika "Kibirizi leo gunia bei fulani", hajasema kitu. Gunia lipi? La kawaida au la lumbesa lililoshonewa kofia juu? Dagaa wa mchangani au wa kichanja? Wa mchangani anakuja na mchanga wake, na mnunuzi anaulipia mchanga nauli hadi Dar. Wamekauka kabisa au ni wa msimu wa mvua, walioanikwa wakaanuliwa mara tatu? Watu wawili wanaweza kutaja bei mbili zilizopishana sana na wote wakawa wakweli, halafu wakaitana waongo mbele ya kundi zima. Ukifika hapo umeshapoteza mmoja, pengine wote wawili.

Kwetu bei haiandikwi bila mambo manne: mwalo gani, ukaushaji gani, bei kwa kilo, na saa ngapi imeonekana. Kilo, si gunia wala ndoo. Asiyefuata hatumfokei, tunamuuliza kwa upole, "Tajiri, hiyo ni kwa kilo? Wa kichanja?" Baada ya muda nilikuwa siulizi mimi tena, wanaulizana wenyewe. Hiyo ndiyo alama ninayoiangalia kuliko idadi ya watu: je, kanuni inasimamiwa na wanachama au inasimamiwa na admini peke yake? Kundi la mawese litakuwa na kipimo chake, dumu la lita ngapi na mawese ya kukamua namna gani. Kitafute mapema, kabla ya ugomvi wa kwanza.

Jambo jingine la aina hiyo ni jina la bidhaa. Dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma si samaki mmoja. Wa kwetu ni wa ukoo wa sadini, wa Ziwa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa. Bei zao hazilingani, na wapo wanaochanganya gunia moja. Tumeweka kwenye tovuti picha za karibu za wote wawili, na ni miongoni mwa kurasa zinazosomwa mno. Mgeni anaweza kuja kutafuta tofauti hiyo tu, akakuta bei ya leo, akabaki.

Wachache wanaobeba

Mwaka 2006 mtaalamu wa Denmark, Jakob Nielsen, aliandika kwamba katika jamii nyingi za mtandaoni watu kama 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayebeba karibu kila kitu. Nikiangalia kundi letu, hakudanganya. Usiwasumbue wale tisini kwa "mbona mmekaa kimya wapendwa". Wananunua kwa kutumia bei zetu, huko ndiko kushiriki kwao.

Nguvu zako zipeleke kwa yule mmoja. Mfahamu kwa jina, ujue mtoto wake anasoma wapi, na akinyamaza siku mbili umpigie, usimwandikie. Mpe kazi yenye jina. Sisi kila mwalo una mwangalizi wake wa bei: Kibirizi, Katonga, Ujiji. Hawalipwi mshahara. Wanapata vocha, na jina lao linakaa juu ya bei ya mwalo wao. Anayetafuta dagaa Ujiji anaanza kwa kumpigia mwangalizi wa Ujiji, na hilo kwa mfanyabiashara ni zaidi ya vocha.

Siku za mbalamwezi

Uvuvi wa dagaa ni wa taa na giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, mitumbwi inapumzika, na kundi linapoa. Kila shughuli ina upoaji wake, kwa hiyo panga ratiba yako iufuate. Siku za giza sisi ni bei tupu, hakuna ushairi. Siku za mbalamwezi ndizo za maarifa: kutengeneza kichanja, kushona nyavu, kufungasha mzigo wa treni usivunjike. Maswali yanakusanywa mapema, anatafutwa mtu mmoja wa kujibu, na usiku mmoja unatosha.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Tovuti ya bei za dagaa, na dagaa hawavuliwi miezi mitatu! Tulichofanya ni kurudi kwenye lile swali la asubuhi na kuuliza limegeuka kuwa lipi. Lilikuwa limegeuka: nani ana akiba ghalani, na ziwa litafunguliwa lini? La kwanza tulilijibu kwa orodha ya wenye akiba. La pili lilihitaji mkono mzito, maana kila jioni palizuka sauti ya mtu aliyesikia kwa mtu. Tukaweka kanuni kwamba habari ya ziwa haipandi bila tangazo la Wizara au kauli ya viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, wa mwalo husika. Nyingine zote zilifutwa, hata za rafiki zangu.

Matapeli, wazee na sheria

JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ilikua kwa watu kuandika kwa majina ya bandia, na kwa mambo yao ni kinga. Biashara ni kinyume: asiyejulikana haandiki bei kwetu. Mgeni lazima adhaminiwe na mwanachama mmoja, na anayeomba hela ya kutanguliza kabla mzigo haujaonekana anaondolewa siku hiyohiyo.

Mzee anayetukana ni kesi nyingine. Ukimtoa kundini mbele za watu umemvua nguo, na ndugu zake watamfuata nje. Mimi simjibu kundini. Nafuta ujumbe, napiga simu, naanza na shikamoo, naongea mambo ya nyumbani kwanza. Ikishindikana namtafuta mtu wa rika lake aongee naye. Kijana wa miaka ishirini akitukana, ahaa, huyo hana shikamoo ya kupewa. Onyo moja.

Sheria uzisome mapema, si siku umeitwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa habari za uongo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa namba na majina ya watu unayoyaweka hadharani, ndiyo maana waangalizi wetu wote wametoa ridhaa ya maandishi. Kama unataka kurusha habari, uliza TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kuhusu leseni kwanza.

WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwenye kundi moja. Usiifukuzie namba hiyo. Sisi tuligawanya wanunuzi, wavuvi na wasafirishaji kabla hatujaikaribia, tukabakiza kundi moja la matangazo ambalo ni maadmini tu wanaoandika.

Mwisho, usiwe admini peke yako. Chagua wa pili kati ya wale wanaobeba, si kati ya ndugu zako, na awe wa upande mwingine wa biashara: mimi niko karibu na wanunuzi, mwenzangu ni mvuvi. Yeye ana nywila za tovuti, anajua laini ya simu ya kundi imesajiliwa kwa jina la nani, na tarehe ya kulipia domeni iko kwenye simu yake. Kwangu iko kwenye kalenda ya ukutani, juu ya mashine ya kopi.