Mchezo wa kukisia namba ukigoma kuisha, shika kalamu kwanza

Jumamosi mpwa wangu wa kidato cha pili alinijia na kompyuta mkononi, uso umekunjamana. "Shikamoo mjomba. Huu mchezo umerogwa. Namba nimeipata, lakini bado unaniuliza." Nikamwambia marahaba, kaa hapa tuutazame. Alikuwa ameandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, mchezo ambao karibu kila anayeanza huuandika, wa kompyuta kuficha namba na wewe kuikisia:

```
import random
siri = random.randint(1, 20)
nafasi = 5
kisio = 0
while kisio != siri or nafasi > 0:
    kisio = int(input("Kisia: "))
    if kisio < siri:
        print("Panda juu")
    elif kisio > siri:
        print("Shuka chini")
nafasi = nafasi - 1
print("Umepatia!")
```

Kinachosumbua kwenye makosa ya kitanzi, yaani mistari inayorudiwa chini ya `while`, ni kwamba kompyuta hailalamiki. Ukisahau kufunga mabano, itakutajia hata mstari wenye kosa. Hapa inatii tu ulichoandika, raundi baada ya raundi. Ndiyo maana wanafunzi wengi huanza kupapasa: wanageuza alama hii, wanaongeza moja pale, wanawasha tena. Nakusihi usipapase. Hata ukibahatika mchezo ukakubali, hutajua kosa lilikuwa wapi, na kesho litarudi.

Simamisha mchezo kwa kubonyeza Ctrl na C. Kisha badilisha mstari wa siri uwe `siri = 13`. Huwezi kushika kosa ikiwa namba inabadilika kila ukiwasha. Sasa chukua karatasi, chora safu tatu: raundi, kisio, nafasi. Wewe ndiye kompyuta. Soma mstari mmoja, andika kilichobadilika, nenda mstari unaofuata. Usiandike unachotaka kitokee, andika kile mstari unachosema.

Mpwa wangu aliandika: raundi ya 1, kisio 10, nafasi 5. Raundi ya 2, kisio 15, nafasi 5. Raundi ya 3, kisio 13, nafasi 5. Hapo kalamu ikasimama. "Mbona nafasi hazipungui?"

Kwa sababu mstari wa kupunguza, `nafasi = nafasi - 1`, umeanzia pembeni kabisa. Python hujua kilichomo ndani ya kitanzi kwa lile pengo tupu mwanzoni mwa mstari. Huo wa kwake ulikuwa nje: wenyewe unangoja kitanzi kiishe, na kitanzi kinangoja nafasi zipungue. Tuliusogeza ndani, usawa mmoja na `if`.

Tukachora upya. Sasa nafasi zikashuka 4, 3, 2, lakini alipofika 13 bado aliulizwa. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na nadhani linatoka kwenye namna tunavyosema. Kichwani tunasema: "Cheza mpaka upatie au nafasi ziishe." Ni sahihi kabisa. Lakini Python haina "mpaka". Ina `while`, yaani "maadamu". Kwa hiyo sentensi lazima igeuzwe: "Endelea maadamu hujapatia na nafasi bado zipo." Ukigeuza "mpaka" kuwa "maadamu", kila upande unakanushwa, na "au" inakuwa "na". Yeye alikanusha pande zote mbili vizuri, ila akaiacha "au" (`or`) ilivyo. Mstari sahihi ni huu:

`while kisio != siri and nafasi > 0:`

Kwa `or`, mchezo ungeisha tu kama umepatia na nafasi zimekwisha kwa pamoja. Ukiendelea kukosea, nafasi zingeshuka chini ya sifuri, -1, -2, na maswali yangezidi kuja.

Likabaki la mwisho: hata ukishindwa, mchezo unasema "Umepatia!" Yeye alitaka kuweka `if nafasi > 0`. Nikamwomba ajaribu kwanza kwenye karatasi, apatie kwa kisio cha 5. Nafasi zikawa 0, na mshindi akaambiwa ameshindwa. Swali linapaswa kuulizwa kwa kitu chenyewe:

```
if kisio == siri:
    print("Umepatia!")
else:
    print("Nafasi zimeisha. Ilikuwa", siri)
```

Kama karatasi inakuchosha, weka `print(kisio, nafasi)` mstari wa mwisho ndani ya kitanzi, kompyuta ikuchoree safu zenyewe. Ila mara ya kwanza tumia kalamu. Na kama mchezo wako unasema panda, kisha shuka, kwa namba ileile, angalia kama `randint`, ile inayochagua namba ya siri, imeingia ndani ya kitanzi: siri inabadilika kila raundi.

Kabla ya kurudisha `randint`, cheza mara tatu: patia kwa kisio cha kwanza, patia kwa kisio cha mwisho, kisha shindwa kabisa. Mara nyingi makosa ya kitanzi hujificha kwenye mwanzo na mwisho kuliko katikati.

Nafasi 5 zinatosha kwa namba 1 hadi 20 ukikata nusu kila mara. Mpwa wangu alipoelewa hilo, akapandisha mpaka 100 na kuniuliza aweke nafasi ngapi. Nilimrudishia karatasi. Aligawa nusu, akagawa tena, akaandika 7.