Kusimamia bendera katika jengo la halmashauri: hatua kwa hatua

Katika halmashauri nyingi za Tanzania kazi ya bendera huachiwa mlinzi wa zamu, naye hujifunza kwa kumtazama aliyemtangulia, pamoja na makosa yake. Mwongozo huu ni kwa maafisa utumishi wenzangu wanaotaka kazi hiyo iwe na utaratibu unaoeleweka na kuandikwa.

Hatua ya 1. Teua watu wawili kwa kila zamu, mmoja wa kuvuta kamba na mwingine wa kuipokea bendera ili isiguse ardhi. Weka daftari kwenye kibanda cha walinzi, lioneshe tarehe, saa ya kupandisha, saa ya kushusha, hali ya bendera na sahihi.

Hatua ya 2. Kagua bendera kabla ya kuipokea stoo. Uwiano wake ni 2 kwa 3, kwa hiyo yenye upana wa sentimita 120 iwe na urefu wa sentimita 180. Baada ya hapo, kila wiki tazama pindo la upande ulio mbali na mlingoti, maana upepo huanza kuchana hapo.

Hatua ya 3. Funga bendera kwenye kamba, na hapa ndipo aibu nyingi hutokea. Niliwahi kufika kwenye ofisi moja nikakuta bluu iko juu, ubavuni mwa mlingoti. Mlinzi alinijibu kwa kujiamini kabisa: "Mzee, angalia mkanda mweusi, si unapanda?" Kuhusu mkanda alisema kweli. Bendera yetu ikifungwa kwa upande usio wake na kichwa chini, mkanda mweusi bado hupanda kutoka chini ya mlingoti kwenda juu, ila kijani na bluu huwa zimebadilishana nafasi. Ikifungwa kwa upande wake lakini kichwa chini, kijani hushuka chini na mkanda huteremka. Kwa hiyo usiwafundishe walinzi kutazama mkanda. Wafundishe jambo moja tu: kijani kikae juu, kimegusana na mlingoti, hata ukiitazama bendera kutoka nyuma. Mimi huwashonea alama ndogo ya uzi kwenye kona hiyo, ili hata gizani mtu aipapase na kuijua.

Hatua ya 4. Pandisha saa 12 asubuhi kwa mwendo wa haraka, shusha saa 12 jioni polepole. Filimbi ipulizwe kabla ya kamba kuvutwa, ili wapita njia wapate nafasi ya kusimama kama ilivyo desturi yetu. Ikiwa ipo pia bendera ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya Taifa hutangulia kupanda na huwa ya mwisho kushuka.

Hatua ya 5. Jiandae kwa maombolezo kabla hayajatokea. Tangazo la nusu mlingoti hutoka kwa Rais, na mara nyingi huwafikia watu usiku, wakati afisa mhusika yuko nyumbani na simu imezimwa; ndiyo maana namba yake na ya msaidizi wake ziwe ukurasa wa kwanza wa daftari. Asubuhi bendera haisimamishwi katikati moja kwa moja: hupandishwa kwanza hadi kileleni, ikatulia kidogo, ndipo ikateremshwa hadi nusu. Jioni nayo hurudishwa kileleni kabla ya kushushwa. Funga kitambaa kwenye kamba mahali pa nusu, vinginevyo kila zamu itakuwa na nusu yake.

Hesabu siku kwa makini. Alipofariki Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi, maombolezo ya siku 7 yalianza tarehe 1 Machi 2024; maana yake tarehe 7 ilikuwa bado nusu mlingoti, na bendera ilipaswa kupepea kileleni kuanzia asubuhi ya tarehe 8. Andika tarehe hiyo ya kurejea daftarini siku ileile tangazo linapotoka, mbele ya walinzi wa zamu zote.