Shule Zinafungua: Anza na Fomu, Begi Litafuata

Wiki moja kabla ya shule kufungua, simu ya ofisini hailali. Wazazi wanauliza sare, wanauliza idadi ya madaftari, wanauliza kama soksi nyeupe zinakubalika. Mimi ni karani wa shule ya msingi, na meza yangu iko mkabala na mlango. Anayetapika analetwa kwangu. Aliyechelewa kuchukuliwa anakaa kwangu. Babu aliyetumwa kumfuata mjukuu, na hakuna mwalimu anayemfahamu, naye anaketi papo hapo akinisubiri. Katika yote niliyoyaona kwenye meza hii, soksi haijawahi kumtia mtoto matatani. Namba ya simu isiyopatikana, hiyo ndiyo inayotusumbua. Basi nitaanza na karatasi.

Fomu ya taarifa za mwanafunzi

Ni ile inayouliza jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali mnapoishi na namba za simu. Wengi huijaza wamesimama, juu ya boneti ya gari, asubuhi ileile ya kuirudisha. Wengine huandika "kama mwaka jana". Tangu mwaka jana watu wamehama, wamebadilisha laini, wamebadilisha kazi. Ijaze upya yote.

Namba usiiandike kwa kumbukumbu. Fungua simu, isome humo, kisha mpe fomu mtu mwingine aipige kama ulivyoiandika. Mwandiko wa haraka hufanya 1 ifanane na 7, na mimi nikikosea hiyo moja nampata mtu ambaye hana hata mtoto.

Andika watu watatu. Wewe, mlezi mwenzako, na mtu wa tatu ambaye hamuishi naye wala hamfanyi naye kazi. Nasisitiza huyu wa tatu kwa sababu baba na mama wanaofanya kazi jengo moja huingia kikao kimoja, na simu zao huzimwa kwa pamoja. Halafu huyo mtu umwambie kwamba umemwandika! Nimeshampigia shangazi wa mtoto akaanza kunihoji nani kanipa namba yake, huku mtoto kajilaza kwenye benchi na ndoo iko miguuni pake.

Na namba ya shule ihifadhi kwenye simu yako kwa jina. Ukiwa na kawaida ya kutopokea namba usizozijua, sisi tutakuwa miongoni mwa hao usiowajua.

Nani anamchukua

Kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, andika majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. "Mjomba" hanisaidii kitu; watoto wana wajomba wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu. Mwelekeze huyo mtu aje na kitambulisho, asikasirike akiulizwa. Akija mara ya tano nitaendelea kumuuliza, na ndivyo ungependa nifanye.

Mkitaka kujihakikishia zaidi, chagueni neno la siri la familia. Liwe neno ambalo mtoto hatalisahau na mtu wa nje hawezi kulibahatisha: si jina la mdogo wake, si jina la mtaa. Yeyote anayekuja bila kutarajiwa lazima alitaje, asipolitaja mtoto haondoki. Mfanyie mtoto majaribio nyumbani kwa mchezo: "Nimetumwa na mama, twende." Asubiri neno. Watoto wa darasa la kwanza wanaushika mchezo huu upesi kuliko watu wazima.

Mipango ya kumchukua ikibadilika, tupigie kabla ya saa sita mchana. Dakika za mwisho kabla ya kengele walimu wako uwanjani, watoto wanapanga mstari, na ujumbe wako unaweza kunifikia mtoto ameshatoka. Usimpe mtoto mwenyewe ujumbe auwasilishe. Ataufikisha, ila kesho.

Kama kuna amri ya mahakama kuhusu malezi, leta nakala. Maelezo ya mdomo kwamba fulani asimkaribie mtoto yanamweka mwalimu katikati ya ugomvi asioweza kuuamua pale mlangoni.

Afya: usiandike "hana tatizo" kwa mazoea

Kama ana pumu, andika, hata kama mara ya mwisho kubanwa ni zamani. Dawa yake ya kuvuta iwepo moja shuleni na moja nyumbani, maana ile inayosafiri kwenye begi ndiyo inayosahaulika. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi. Jina la mtoto liandikwe kwenye kichupa chenyewe, si kwenye boksi peke yake; boksi hutupwa wiki ya kwanza.

Kwa mwenye mzio, taja kinachomdhuru, kinamfanyia nini na kwa kasi gani. "Ana aleji" ni nusu ya habari. "Akila karanga midomo inavimba ndani ya dakika chache na anashindwa kupumua" ni habari nzima, na mwalimu akiisoma anajua kwamba hiyo si hali ya kusubiri mapumziko yaishe. Eleza pia kama haoni vizuri ubaoni, au sikio gani linasikia vizuri zaidi. Mpangilio wa viti hufanywa siku za mwanzo.

Dawa yoyote iletwe na mtu mzima, ikiwa kwenye pakiti yake yenye maelekezo. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi na kutumbukizwa kwenye begi sivipokei, kwa sababu sijui ni nini na hata mtoto hajui.

Aje au abaki nyumbani?

Swali hili naulizwa asubuhi kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Homa: abaki hadi apitishe saa 24 bila homa, na bila dawa ya kuishusha. Hapo ndipo tunapokosana na wazazi. Mtoto anapewa dawa saa moja asubuhi, anaingia darasani mchangamfu, saa tano dawa inaisha na ananijia anatetemeka, baada ya kuwa ameshakaa nao wenzake asubuhi nzima.

Kutapika au kuharisha: saa 48 tangu mara ya mwisho. Tetekuwanga: hadi malengelenge yote yakauke na kufanya magamba, kwa kawaida kama siku tano tangu vipele vitokee. Surua: siku nne baada ya vipele kutokea, na usimpeleke kituo cha afya bila kupiga simu kwanza, maana inaambukiza hata watu waliokaa tu naye chumba kimoja. Mafua mepesi bila homa, aje, na leso mfukoni.

Unapotupigia kusema anaumwa, sema anaumwa nini. Sioni raha kuwachunguza watu, ila shuleni kuna walimu na akina mama wajawazito, na kuna watoto ambao kinga yao ni dhaifu. Tetekuwanga kwao si jambo dogo. Nikijua mapema nawaonya mapema.

Sasa chawa. Wazazi hunong'ona wakilitaja neno hili, kana kwamba nimewatuhumu uchafu. Chawa hawachagui nywele safi wala chafu. Hawaruki wala hawapai. Wanatambaa kutoka kichwa hadi kichwa, na watoto wanaosoma kitabu kimoja vichwa vimegusana ndio njia yao kuu. Mtoto hana haja ya kukosa masomo. Nyumbani, lowanisha nywele, paka dawa ya kulainisha, chana kwa kitana chenye meno yaliyobanana kuanzia kwenye ngozi hadi ncha, ukikipangusa kwenye kitambaa cheupe kila mara ili uone unachokitoa. Mayai huanguliwa baada ya wiki moja hivi hadi siku kumi, ndiyo maana dawa nyingi za chawa hurudiwa baada ya kipindi hicho. Anayetibu mara moja akaridhika, nitaonana naye tena.

Andika jina, kisha andika tena

Chini ya meza yangu kuna sanduku la vitu vilivyookotwa. Kufika katikati ya muhula huwa limejaa masweta ya rangi moja, saizi moja, yasiyo na jina. Mzazi anakuja, analishika moja, analinusa (naam, wananusa), analirudisha. Hana uhakika.

Kwenye sweta tumia kalamu ya kuandikia nguo isiyofutika, au shona jina kwa uzi. Usiliandike kwenye kile kilebo cha shingoni peke yake, maana watoto hukikata kwa kuwa kinawasha. Andika kwenye mshono wa ndani ubavuni. Tanguliza jina la ukoo, kisha herufi ya kwanza ya jina lake: mdogo wake akirithi sweta, utabadilisha herufi moja tu. Viatu, andika chini ya ulimi wa kiatu, si kwenye soli ya ndani inayosuguliwa na mguu mpaka wino unatoweka. Chupa ya maji, andika kwenye chupa na kwenye kifuniko, kwa sababu vitu hivi viwili havipotei pamoja. Bandika selotepu inayoonyesha juu ya maandishi, yatahimili kuoshwa.

Kwenye begi, jina liwe ndani, lisionekane nje. Jina kubwa mgongoni linamwezesha mtu yeyote njiani kumwita mtoto kana kwamba anamjua.

Begi na viatu

Sina mengi. Begi likiwa limejaa lisizidi sana sehemu ya kumi ya uzito wa mtoto: wa kilo 20 abebe kama kilo 2, na 3 ndio mwisho. Kila Ijumaa litoe kila kitu, utakuta mawe. Vitabu vizito vikae karibu na mgongo, na mikanda yote miwili ivaliwe.

Viatu vijaribiwe jioni, miguu ikiwa imeshatanuka, mtoto akiwa amesimama, na mbele pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Asiyejua kufunga kamba mnunulie vya velkro kwanza. Mwalimu mmoja mwenye kamba za darasa zima za kufunga hafundishi mpaka saa tatu.

Usingizi na saa ya kufika

Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Piga hesabu kurudi nyuma. Kama lazima aamke saa 12 asubuhi na wako anahitaji jumla ya saa 10 za usingizi, basi saa 2 usiku awe ameshalala, si kwamba ndiyo kwanza anatafuta nguo za kulalia. Likizo imewazoesha kukesha, kwa hiyo anza kuwarudisha mapema: kila baada ya siku moja au mbili vuta muda wa kulala nyuma kwa dakika 15. Ukimlazimisha alale mapema kwa saa mbili nzima kwa mkupuo, usiku wa kuamkia ufunguzi, utaishia kukesha naye.

Kuchelewa dakika kumi tu kila siku kunaonekana si kitu. Kwa wiki ni dakika 50. Kwa mwaka wenye wiki 36 za masomo ni saa 30. Na dakika hizo kumi ndizo mwalimu anazozitumia kueleza siku itakwendaje, kwa hiyo mtoto anaingia wenzake wameshafungua vitabu, macho yote kwake, hajui ni ukurasa gani. Wengine huanza kuumwa tumbo asubuhi kwa sababu hiyo hiyo.

Kuagana mlangoni

Kwa wanaoanza. Mwambie nani atakuja kumchukua na baada ya tukio gani analolielewa. "Baada ya kengele ya mwisho" ni bora kuliko "saa tisa". Mkumbatie, mkabidhi kwa mwalimu, ondoka. Usitoroke akiwa amegeuka, maana kesho hatageuka tena, atakushika nguo tangu getini. Wala usibaki unachungulia dirishani: akinyamaza akakuona, kilio kinaanza upya. Wengi hutulia muda mfupi baada ya mzazi kupotea machoni. Ukiona moyo hautulii, nipigie baada ya nusu saa, nitakwenda kumtazama na nitakwambia nilichokiona, hata kama bado analia.

Tarehe na ujumbe

Kalenda ya muhula ikikufikia, siku hiyohiyo ingiza kwenye simu siku za kufunga, siku za nusu siku na vikao vya wazazi, ukiweka kikumbusho siku mbili kabla. Kundi la WhatsApp la wazazi ni zuri kwa kuulizana kazi ya nyumbani. Tangazo la kundini lisilotoka shuleni lithibitishe kwetu kwanza. Suala la mtoto wako mpelekee mwalimu wake moja kwa moja, na picha za watoto wa wenzako usizisambaze bila ruhusa yao.

Kuhusu kutupigia: nusu saa ya kwanza baada ya kengele ya asubuhi tuache, isipokuwa mtoto haji au kuna dharura. Ukinipata, anza na jina kamili la mtoto na darasa lake. "Ni mimi, mama yake Amina" inanifurahisha kuisikia, lakini tuna akina Amina katika kila darasa.