Kichekesho cha milango mitano kwenye bwalo la shule

Kabla hujagawa wahusika, muite fundi wa shule. Kichekesho cha mume aliyejificha kabatini, mke anayeingilia huku na mwenye nyumba anayetokea kule hakibebwi na maneno, kinabebwa na milango. Wasichana wangu wa Kidato cha Tatu hukariri mazungumzo upesi sana. Kuingia na trei ya chai, kuufunga mlango kwa kisigino na kutoweka kwa mlango mwingine kabla mumewe hajageuka, hapo ndipo muhula unapoishia.

Mlango ufungukie nje, nyuma ya jukwaa, bawaba zikiwa upande ulio mbali na watazamaji. Ukifungukia ndani, ubao unamficha mchezaji wakati uleule ambao uso wake ungeangusha ukumbi kwa kicheko. Fremu usiipigilie kwenye ukuta wa plaiwudi. Isimame yenyewe, iegemezwe kwa mbao ya mshazari nyuma, na mguu wa hiyo mbao ukandamizwe kwa gunia la mchanga. Ukuta ukitetemeka kila mlango unapobamizwa, watu wataacha kumtazama mchezaji, watazame ukuta. Kitasa cha kweli sikitaki kabisa, hukwama. Sumaku ya mlango wa kabati la jikoni inatosha.

Kama mnaelekea tamasha la drama, kuanzia kaunti ndogo na kuendelea, seti itasafiri na basi la shule. Iungwe kwa bolti na nati za kukazwa kwa mkono. Misumari itawaaibisha.

Fundi akiwa bado anaranda mbao, chora milango sakafuni kwa chaki na uipe namba, 1 hadi 5, kuanzia kushoto kwa watazamaji. Mazoezi ya mwanzo hayana maneno: mmoja anataja namba, wengine wanatembea polepole. Mwendo uongezwe pale tu wanapopita bila kugongana. Na yeyote, hata wa madarasa ya chini aliyeleta maji, ana ruhusa ya kupaza sauti, "Simama!", na kila mtu aganda alipo. Viatu vya onyesho vivaliwe mapema. Ngazi hupandwa tofauti kabisa mtu akiwa na visigino.

Sasa nyuma ya pazia. Tandaza karatasi ya manila mezani, uchore umbo la kila kifaa: trei, simu, sanduku, wigi. Umbo likibaki tupu, unajua mara moja ni nini kimepotea. Meza ziwe mbili, moja kila upande. Trei ikitokea mlango wa 2 na kutakiwa kuingilia wa 5, lazima kuwe na mtu wa kukimbia nayo gizani, amevaa raba, na tochi iliyofunikwa karatasi ya buluu. Msimamizi wa meza asiwe yule aliyekosa nafasi ya kuigiza. Mimi humchagua wa kwanza kabisa, na hutafuta msichana mwenye roho ya karani: ana orodha ya nani anapita wapi, ameshika nini, na anakiacha wapi.

Mwandishi Mwingereza Michael Frayn aliandika mchezo wa kuchekesha Noises Off, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1982, baada ya kutazama mchezo wake mwenyewe akiwa pembeni mwa jukwaa na kuona kwamba huko nyuma kunachekesha zaidi. Wanafunzi wakiusikia watautaka. Ombeni kibali kwanza, halafu pimeni bwalo: seti ya ghorofa mbili inageuzwa nzima ili watazamaji waone nyuma yake. Kwetu haingii.

Kicheko nacho hufundishwa. Hupanda, hufika kileleni, huanza kushuka. Sentensi inayofuata itolewe kinapoanza kushuka, si kikishazima. Wakati wa kungoja, mchezaji asisimame kama nguzo: atafute kitambaa, afute kikombe kilekile. Na asicheke hata kidogo. Mke huyo yuko taabuni kwelikweli. Akionekana kufurahia, basi kwisha habari. Waalike wanafunzi wa madarasa ya chini kwenye mazoezi wakati wa prepu, kwa sababu walimu tunacheka mahali pasipo.

Mvua za Aprili huvimbisha mbao. Beba randa na kipande cha sabuni ya mche cha kusugua kingo, na milango yote mitano ijaribiwe kabla watu hawajaruhusiwa kuingia. Wa kuijaribu ni msichana wa meza, si fundi.